Banki imefunga Goma, karte inajibu Gisenyi: franga inapitia njia gani?

Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati mji wa Goma uliingia mikononi mwa AFC/M23, mabanki ya biashara yalifunga milango. Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili. Mwalimu, muganga, mfanyakazi wa shirika, mwenye duka, wote wakajikuta mbele ya shida moja: franga iko ndani ya kompte, solde inaonekana kwa telefone, lakini hakuna gishe ya kuitoshea. Kisha watu wakaanza kuvuka. Mwenye karte ya Visa ao Mastercard anapita Petite Barrière ao Grande Barrière, anafika ku mashini moja ya Gisenyi, anatia karte, anaandika kode yake, na noti zinatoka. Wa Bukavu wanavuka Ruzizi, wanapanda mpaka Kamembe.

Watu wengi wanashangaa. Kama banki imefunga Goma, nani anatoa ruhusa Gisenyi? Na mashini ya banki ya Rwanda inajuaje kama mwalimu wa Katindo ao wa Ndosho iko na dola 80 ndani ya kompte yake ao hana hata moja? Tena, juu ya nini dola 100 zenye zinatoka ku kompte hazifike nyumbani zikiwa 100? Mabanki yenyewe hayajaeleza mambo haya vya kutosha, na mwenye hajaelezwa njo anakatwa mingi.

Kompte haiko ndani ya ajansi

Jambo la kwanza: ajansi ya banki ni dirisha tu. Ndani yake kuna noti, makarani na sanduku la chuma, lakini daftari ya kompte za watu haiko pale. Iko ndani ya seva kubwa za makao makuu, mara nyingi Kinshasa. Mlango wa Goma ukifungwa, daftari inabaki wazi. Njo maana solde inaendelea kuonekana kwa telefone, na mushahara wa serkali unaendelea kuingia. Tangu serkali ilipoanzisha mpango wa kulipa watumishi wake kupitia mabanki, mwaka 2011, mushahara haubebwe tena na mtu mwenye mfuko. Ni maandishi yanayohama kutoka kompte moja kwenda ingine. Maandishi yanaweza kufika mahali popote penye rezo. Noti haziwezi.

Jambo la pili: karte nyingi zenye watu wa Kongo wanabeba si karte za mkopo. Karte ya krediti ya kweli, kama zile za Marekani, ni deni: banki inalipa kwanza, mwenye karte anarudisha mwisho wa mwezi ao anakatwa faida. Karte za huku nyingi ni za kutosha franga ya mwenyewe ku kompte yake, ao zile za kutiliwa franga mbele ya kuzitumia. Alama ya Visa yenye kuwa juu yake haisemi kama ni mkopo. Inasema tu kama banki hiyo imekubali kufuata kanuni za Visa na kuunganishwa ku rezo yake.

Visa na Mastercard si banki. Haziweke franga ya mtu, hazitoe mkopo, hazifungue kompte. Kazi yao ni kupitisha ujumbe na kupiga hesabu kati ya mabanki yenye hayajuane.

Safari ya sekonde chache

Chukua mfano wa mtu mwenye anatia karte yake ku mashini ya Gisenyi na kuomba franka 100.000 za Rwanda. Mashini inasoma namba ya karte. Ikianza na 4, ni ya Visa. Ikianza na 5 ao 2, ni ya Mastercard. Namba sita za mbele, ao nane kwa karte za siku hizi, zinataja banki yenye ilitoa karte. Namba zenye kufuata zinaonyesha mteja. Namba ya mwisho kabisa ni ya ukaguzi: inatokana na hesabu iliyobuniwa na Hans Peter Luhn, fundi wa kampuni IBM, na inasaidia kugundua kama namba moja imeandikwa vibaya.

Puce yenye kuwa juu ya karte, ile ya rangi ya zahabu, inafanya kazi ingine. Inatengeneza muhuri wa siri wenye kutumika mara moja tu. Hata mwizi akiunasa, hauwezi kumsaidia kesho yake. Mkanda mweusi wa nyuma ya karte ulikuwa tofauti: ulisema maneno yaleyale kila mara, na njo maana wezi walikuwa wanaukopia.

Mashini inapeleka ujumbe kwa banki yake ya Rwanda. Banki hiyo inaona kama karte si yake, inatupa ujumbe kwa Visa. Visa inasoma namba za mbele, inatambua banki ya Kongo, inapeleka swali Kinshasa: karte hii, kiasi hiki, mnakubali? Seva ya Kinshasa inakagua kama karte haijafungwa, kama tarehe haijapita, kama muhuri wa puce ni wa kweli, kama kode ni sawa, kama franga inatosha, kama mteja hajapita kipimo cha siku. Kisha inajibu, na jibu linarudi kwa njia ileile mpaka Gisenyi. Safari yote inachukua sekonde chache. Hakuna mahali pamoja pa safari hiyo penye ajansi ya Goma inahitajika.

Jibu linarudi kama namba mbili. 00 ni ndiyo. 51 ni kusema franga haitoshi. 54, karte imepita tarehe. 55, kode si sawa. 61, mteja amepita kipimo chake. 91, banki yenye ilitoa karte haijibu. Na 05 ni ile yenye kuuzi watu zaidi: banki inakataa bila kueleza. Mashini nyingi hazionyeshe namba hizi kwa mteja. Zinaandika maneno mafupi kwa Kifaransa ao kwa lugha ingine, mtu anasoma haraka juu kuna safu nyuma yake, na anarudi Goma akisema mashini ya Rwanda imemkatalia. Mara nyingi si mashini ya Rwanda. Mwenye kukataa ni banki yake mwenyewe, ao rezo kati ya Visa na Kinshasa ndiyo ilikatika. Tofauti hii ina maana: kwa 91, kungojea saa moja na kujaribu tena kunaweza kusaidia. Kwa 54, hata angojee mwaka mzima, hakuna kitu.

Na kwa 55, heri asijaribu ovyo. Kode ikikosewa mara kadhaa, mara nyingi tatu, karte inafungwa, na kuifungua kunaweza kudai ajansi. Ile ajansi yenye imefunga.

Mambo yalianza na barua

Zamani hapakuwa na sekonde chache. Mwezi wa tisa 1958, Bank of America ilituma karte kwa posta kwa watu 60.000 wa mji wa Fresno, jimbo la California, bila wao kuziomba. Mwenye duka alikuwa anapima ununuzi: ukiwa mdogo anakubali, ukiwa mkubwa anapigia banki simu na kungojea mtu atafute jina ndani ya daftari. Wezi walikula vizuri miaka ile. Mwaka 1973 njia ya kuomba ruhusa kwa mashini ilianza kufanya kazi, na mwaka 1976 karte hiyo ilichukua jina la Visa. Kilichobadilika tangu pale ni upesi. Mpango wenyewe umebaki uleule: mwenye karte, mwenye duka, banki ya kila mmoja, na rezo katikati.

Kukubali si kulipa

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Ile sekonde chache ni ya kukubali tu. Malipo yenyewe kati ya mabanki yanakuja nyuma.

Ku mashini ya kutosha franga, mambo mawili yanakaribiana sana, na kompte inakatwa palepale. Lakini ku duka ao ku hoteli ni tofauti. Mtu wa Goma mwenye anaenda kutibiwa Kampala analipa hoteli kwa karte. Siku ya kufika, hoteli inaomba ruhusa ya dola 200. Banki ya Kongo inakubali na kufungia hizo dola 200 ndani ya kompte: bado ni za mteja, lakini hawezi kuzigusa. Siku ya kuondoka, hoteli inatuma hesabu ya kweli, tuseme dola 140. Zile 60 zinapashwa kufunguliwa, lakini hazifunguke palepale. Zinaweza kuchukua siku kadhaa. Kwa tajiri mwenye karte ya mkopo, hiyo si kitu. Kwa mgonjwa mwenye alikuja na dola 250 ndani ya karte, ni chakula na dawa zenye zimefungwa. Njo maana wenye kusafiri sana wanaomba hoteli ikate bei kamili mara moja, ao wanalipa kwa noti.

Kisha, mwisho wa siku, Visa inapiga hesabu. Haihamishe franga ya kila mteja mmoja mmoja. Inajumlisha: banki fulani ya Kongo inadaiwa na wengine kiasi hiki, na wengine wanadaiwa nayo kiasi hiki, tofauti ni hii. Ile tofauti tu njo inalipwa, mara nyingi kwa dola, kupitia banki kubwa ya nje yenye banki ya Kongo iliweka akiba yake.

Hapo kuna jambo lenye linastahili kuangaliwa vizuri. Wakati mtu wa Goma anatosha noti Gisenyi, hakuna noti yenye ilitoka Kinshasa. Zile noti zilikuwa za banki ya Rwanda, na zilikuwa ndani ya sanduku la mashini tangu asubuhi. Kesho yake banki ya Kongo inalipa deni kwa dola, mbali na ziwa Kivu. Kwa maneno mengine, mushahara wenye ulilipwa na Hazina ya Kinshasa kwa franka za Kongo unatoka mashini kama franka za Rwanda, na dola ya banki ya Kongo inaishia kwa banki ya Rwanda. Serkali mbili zinaweza kushindana mbele ya dunia nzima. Mabanki yao yanaendelea kupatana hesabu kila siku, juu kanuni ni ya Visa, si ya serkali. Kwa mwenye njaa ni bahati. Kwa uchumi wa Kivu, ni mji mzima kuazima noti kwa jirani na kuzilipia kila mara.

Nani anakula nini

Kila kitu hicho hakifanyike bure. Ku duka, mwenye kulipa gharama ni mwenye duka: akiuza kwa karte kitu cha dola 100, hapokee 100 kamili. Sehemu moja inaenda kwa banki yenye ilitoa karte, sehemu ndogo kwa Visa ao Mastercard, sehemu ingine kwa banki yenye ilimpatia mashini ya kulipia. Ulaya waliona ile sehemu ya banki ya karte imezidi, na tangu 2015 sheria ya Umoja wa Ulaya inaikataza kupita 0,2 kwa mia kwa karte za kompte na 0,3 kwa mia kwa karte za mkopo za watu binafsi. Mahali penye hakuna kipimo kama hicho, mwenye duka anaweza kuongeza bei kimyakimya.

Ku mashini ya kutosha franga, mkondo unageuka. Sasa banki ya karte njo inalipa banki ya mashini, juu ile ya pili ilitoa noti, umeme, ulinzi na rezo. Na banki ya karte haikubali kula hasara: inamurudishia mteja mzigo.

Basi mwenye kuvuka anaumwa mara ine. Banki yake inakata juu ametoshea franga nje ya inchi. Mwenye mashini naye anaweza kuongeza makato yake. Kisha kuna kubadilisha, kutoka dola ao franka za Kongo kwenda franka za Rwanda, kwa bei yenye mteja hakuipatana. Na mwisho kuna kambisti, juu ku soko la Virunga ao la Kadutu mtu anahitaji dola na franka za Kongo.

Chukua hesabu, kwa mfano tu, maana kila banki iko na bei zake. Mtu anatosha noti za Rwanda zenye thamani ya dola 100. Kubadilisha kunamla dola 2. Banki yake inakata 3, mashini inakata 2. Ku kompte zinatoka dola 107. Kambisti anakata 2 kwa mia: mkononi zinabaki 98. Dola 9 zimeenda, na bado hajalipa moto wala karatasi za mpaka. Sasa mtu yuleyule, juu ya woga wa kubeba franga mingi, anavuka mara ine na kutosha 25 kila mara. Zile dola 5 za makato ya kudumu zinakuwa 20. Ku kompte zinatoka 122, mkononi zinabaki zilezile 98. Dola 24 zimeyeyuka, karibu mfuko mzima wa unga wa familia.

Ni rahisi kusema basi watu watoshe mara moja tu. Lakini noti kubwa ya Rwanda ni ya 5.000, na mashini inaweza kutoa paka idadi fulani ya noti kwa mara moja. Mwenye kutaka kiasi kikubwa analazimishwa kutia karte mara mbili ao tatu, na kila mara ni makato mapya. Wenye uzoefu wanauliza kwanza mashini gani inatoa kiasi kikubwa kwa mara moja. Ni swali la busara kuliko kuuliza mashini gani haina safu.

Kuna mtego mumoja tena. Mashini fulani zinamuuliza mwenye karte ya nje: unataka ukatwe kwa dola ao kwa franka za Rwanda? Mtu anaona neno dola, anazoea dola, anachagua dola. Amekosea. Akichagua dola, mwenye mashini njo anaweka bei ya kubadilisha, na anatia faida yake ndani. Akichagua franka za Rwanda, kubadilisha kunafanyika ku upande wa Visa na wa banki yake, na kwa kawaida bei hiyo iko na nafuu. Chaguo moja la kidole linaweza kukula kuliko makato mengine yote pamoja.

Wenye hawana karte

Walio wengi hawana karte. Wanategemea M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na huko ugonjwa ni uleule kwa sura ingine. Ujumbe unahama vizuri kutoka telefone hadi telefone. Lakini ajenti anahitaji noti ndani ya sanduku lake, na noti za franka za Kongo zinatoka ku Banki kuu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa wakati wa vita vya mwezi wa kwanza 2025, ajansi za mabanki ziko kimya, basi noti zilezile zinazunguka mpaka zinapasuka, na muuzaji anazikataa. Ajenti mwenye noti safi anajua kama iko na mali yenye kutafutwa, na anakata makato yake mwenyewe juu ya yale ya kampuni. Watu wanamuita mwizi. Lakini na yeye anazinunua mahali.

Mwezi wa ine 2025, AFC/M23 walifungua CADECO mjini Goma. Wengi walitumaini kama wataweza kutosha mushahara pale. Ukifuata njia ya ujumbe, unaona haraka juu ya nini haiwezekani: kompte ya mwalimu iko ndani ya daftari ya banki yake, Kinshasa. Mlango wa CADECO kufunguliwa hakuleti daftari ile Goma. Ingepashwa CADECO iunganishwe na rezo yenye banki ile inakubali kujibu, na ipate noti za kutoa. Jengo na makarani ni sehemu rahisi.

Wafanyabiashara wenye walikuwa na mashini ya kulipia ku duka ao ku hoteli nao wameingia hesabu ya namna ileile. Mteja akilipa kwa karte, franga inaingia ku kompte ya duka, ndani ya banki yenye imefunga. Kwa mwenye anaagiza bidhaa kwa kompte kutoka Dubai ao Nairobi, sawa, anaweza kuitumia bila kuishika. Kwa mwenye anapashwa kulipa wafanyakazi na mafuta ya jenereta kila juma, ni franga ya kuangalia tu.

Noti hazijatoka, kompte imekatwa

Inatokea: mashini inazunguka, inaguna, inaandika pole, noti hazitoke. Jioni telefone inaonyesha kompte imekatwa. Kwa kawaida mashini inapashwa kutuma ujumbe wa pili wenye kufuta ule wa kwanza, na franga inarudi yenyewe kisha saa ao siku chache. Rezo ikikatika katikati, ujumbe wa kufuta unaweza kupotea.

Wengi wanakosea mahali pa kulalamikia. Wanarudi kwa banki ya Rwanda, wanagombana na mlinzi, wanarudi bure. Banki ile haiwajue. Kanuni ya rezo ni kwamba mwenye karte analalamikia banki yenye ilimpatia karte, na banki hiyo njo inafungua kesi kwa banki ya mashini kupitia Visa ao Mastercard. Banki ya mashini inaombwa ionyeshe kumbukumbu zake: ilihesabu noti ngapi, zilitoka ao zilibaki. Ikishindwa kuonyesha, inarudisha. Kwa kesi nyingi rezo inaachia banki siku 120 za kufungua madai, lakini banki inaweza kumuomba mteja aje mapema zaidi, na heri asingoje.

Yenye inasaidia ni karatasi ndogo ya mashini, ile watu wanatupa chini. Juu yake kuna namba ya mashini, saa, na namba ya kumbukumbu ya operesheni. Kama mashini haikutoa karatasi, kuandika saa kamili, mahali na kiasi, na kupiga picha ya ujumbe wa telefone. Ajansi ikiwa imefunga, malalamiko yanapitia namba ya huduma kwa wateja ao barua-pepe ya banki, ao mjini mwenye ajansi zinafanya kazi. Namba hiyo mara nyingi imeandikwa nyuma ya karte.

Hatari kubwa iko kwa wenye hawawezi kuvuka, wazee, wagonjwa, wenye kuogopa mpaka, na wanapatia kijana mmoja karte pamoja na kode ili awatoshee. Wengi wa hao vijana ni waaminifu. Lakini mbele ya banki, puce ya kweli na kode ya kweli ni sahihi ya mwenye karte mwenyewe. Yule kijana akitosha mara mbili, akasema mashini ilikata, hakuna kesi yenye banki itafungua. Kumbukumbu zitaonyesha noti zimetoka, na kode ilikuwa sawa.

Kuna na wale wenye walikimbia, wakaacha ao wakapoteza namba ya telefone yenye banki inajua. Kode ya kuthibitisha malipo ya intaneti inaenda ku namba ile ya zamani. Karte yao ni nzima, franga iko, lakini mlango unaomba ufunguo wenye unaenda kwa telefone isiyokuwapo tena. Kubadilisha namba, mabanki mengi yanaomba mteja afike mwenyewe na kitambulisho.

Na kuna tarehe. Mbele ya kila karte kuna mwezi na mwaka. Siku ya mwisho ya mwezi ule ikipita, seva ya Kinshasa itajibu 54, mahali popote, Gisenyi ao Kamembe ao Kampala. Karte mpya inatengenezwa makao makuu kwa jina la mteja, na kwa kawaida inatumwa ku ajansi yake, ambako anaichukua na kupewa kode. Mwenye karte inaisha miezi yenye kuja anapashwa kuuliza banki sasa, kwa telefone ao kwa barua-pepe, kama inaweza kutuma karte ku ajansi ya mji mwingine, na nani ana haki ya kuipokea. Kisha tarehe hiyo solde itaendelea kuonekana kwa telefone kama kawaida.